Je, Wajua? Utulivu wa Mwanafunzi Huanzia Hata Kwenye Somo la Hisabati

Je, wajua kwamba karibu nusu ya vijana wa Kenya wenye umri wa miaka 10 hadi 17 walipitia tatizo fulani la afya ya akili katika muda wa mwaka mmoja tu? Ni asilimia 44.3. Takwimu hiyo ilitoka mwaka 2022 katika uchunguzi wa kitaifa uliofanywa na APHRC, kituo cha utafiti chenye makao yake Kitisuru, magharibi mwa Nairobi, pamoja na washirika wake. Waliofikia kiwango cha ugonjwa unaotambulika kitabibu walikuwa asilimia 12.2. Ingia katika darasa la wanafunzi 50 pale Kangemi au Dagoretti, uhesabu kwa kiwango hicho: wapatao 22 wana jambo linalowasumbua, na kama sita wanahitaji msaada wa mtaalamu. Wote wameinama wananakili kutoka ubaoni.

Je, wajua tatizo lililoongoza katika uchunguzi huo? Wasiwasi. Tumbo linasokota kabla ya mtihani, moyo unapiga mbio mwalimu anapotaja jina, usingizi unakataa Jumapili usiku. Mwalimu wa somo lolote hukutana na hayo kila wiki.

Je, wajua kwamba nusu ya matatizo ya akili yanayompata mtu maishani huwa yameshaanza afikapo miaka 14? Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 ndio uliolionyesha hilo. Kwa mfumo wetu wa sasa, huo ni umri wa Gredi ya 8 na ya 9. Daktari anayempokea mgonjwa wa miaka 30 mara nyingi anaona kitu ambacho mwalimu wa sekondari msingi alikiona kikichipuka zamani, hata kama hakujua jina lake.

Je, wajua kwamba Hospitali ya Mathari, kando ya Barabara ya Thika, ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910, na ikapewa jina la Mathari mwaka 1924? Zaidi ya karne moja baadaye, jina hilo bado linatumiwa kama tusi kwenye viwanja vya shule. Mwalimu akilisema darasani kwa mzaha, “wewe nitakupeleka Mathari,” darasa linacheka, na yule mtoto mmoja aliyekuwa akijiandaa kumwambia mtu mzima kwamba halali usiku anaamua kunyamaza. Ningeomba mzaha huo ukome leo, kwa sababu kuukomesha hakuhitaji bajeti wala semina.

Je, wajua kwamba kitengo cha ushauri na unasihi kiliundwa katika Wizara ya Elimu tangu mwaka 1971, na ripoti ya Gachathi ya 1976 ikasisitiza kwamba shule ziwe na huduma hiyo? Wazo ni la zamani kuliko walimu wengi wanaofundisha sasa. Lakini mwalimu wa unasihi katika shule ya umma huwa pia na vipindi vyake vya Kemia au Historia, rundo la karatasi za kusahihisha na zamu ya kusimamia chakula cha mchana. Ofisi yake, kama anayo, mara nyingi iko karibu na ya mwalimu mkuu, na kila anayebisha mlango huo huonekana na uwanja mzima. Kwa hiyo mtoto haendi. Mahali ambapo lazima aende, asubuhi hadi alasiri, ni darasani.

Je, wajua kwamba moja ya kazi za Kenya zinazotajwa sana kuhusu akili za wanafunzi ilianzia katika shule moja ya sekondari Kibera, na wanafunzi 51 tu? Aliyeianzisha ni Tom Osborn, Mkenya aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Harvard, na mpango wenyewe unaitwa Shamiri. Wanafunzi walikutana kwa vikundi, saa moja kwa wiki, wiki nne. Hawakuambiwa kwamba ni wagonjwa. Neno la ugonjwa halikuwa mlangoni kabisa. Walizungumzia jinsi uwezo wa mtu unavyokua kwa kujaribu tena kwa njia nyingine. Waliandika mambo wanayoyashukuru. Walichagua maadili wanayoyathamini, kama familia, imani au elimu, wakaeleza watayaishi vipi wiki hiyo. Mwisho wa wiki nne, dalili za mfadhaiko na wasiwasi zilikuwa zimeshuka zaidi kuliko kwa wenzao waliofundishwa kitu kingine. Alama zao za masomo zilikuwa zimepanda, na walisema wanahisi kwamba marafiki wanawaunga mkono zaidi.

Na walioongoza vikundi? Jaribio kubwa lililofuata, lililochapishwa mwaka 2021 katika jarida la JAMA Psychiatry, lilikuwa na wanafunzi 413 wa sekondari za Nairobi na Kiambu ambao tayari walikuwa na dalili. Viongozi wa vikundi walikuwa vijana waliotoka shule ya upili juzijuzi. Walipewa mafunzo mafupi na usimamizi, wakaingia darasani. Matokeo yakawa mazuri tena.

Kuna sehemu ya jaribio hilo ambayo watu huipita haraka, nami naiona kuwa ndiyo yenye utajiri zaidi kwa mwalimu. Je, wajua kundi la kulinganishia lilifundishwa nini? Mbinu za kusoma: kuandika muhtasari, kupanga muda, kujiandaa kwa mtihani. Hakuna aliyewaambia kitu kuhusu huzuni wala hofu. Kundi la Shamiri liliwapita, ndiyo, lakini hata hawa wa mbinu za kusoma dalili zao zilipungua. Mtu makini atasema labda zingepungua zenyewe kwa kupita kwa wakati, na hoja hiyo ni ya haki, maana hapakuwa na kundi lililoachwa bila chochote. Hata hivyo kila aliyefundisha kidato cha nne anajua hofu ya mwanafunzi asiyejua aanzie wapi. Ana vitabu vinane mezani, muhula umebaki wiki sita, na kila akifungua daftari anaona giza. Mwonyeshe jinsi ya kugawa mada moja katika vipande vitatu, na ni kipande kipi akisome leo usiku. Uso unabadilika papo hapo. Huo ni ufundishaji wa kawaida kabisa, na umegusa moyo.

Je, wajua kwamba majaribio madogo ya mara kwa mara, yasiyo na alama za kuhesabiwa, hupunguza woga wa mtihani mkubwa? Watafiti wa Marekani waliwauliza wanafunzi 1,408 wa shule za kati na za upili ambao walimu wao walikuwa wakiwapa maswali mafupi ya kukumbuka kila mara. Asilimia 72 walisema maswali hayo yaliwapunguzia wasiwasi wa mitihani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Utaratibu wake ni rahisi: dakika tatu za kwanza za kipindi, daftari zimefungwa, maswali matatu ya somo la jana, kila mtu anaandika, kisha majibu yanatajwa na kila mmoja anajisahihishia. Hakuna anayekusanya karatasi. Mwanafunzi anajua alichosahau wakati bado kuna nafasi ya kukijua.

Linganisha na zoea lililojaa katika shule zetu. Mwalimu anaingia na karatasi za mtihani wa kufungua muhula, amezipanga kuanzia alama ya juu hadi ya chini. Anaita jina, anataja alama, mtoto anakwenda kuchukua. Sabini na nane. Sabini na moja. Kufikia arobaini sauti inapanda. Kufikia ishirini kuna maneno ya ziada. Waliobaki kwenye viti wanajua tayari, na darasa zima linawajua. Yule wa mwisho hutembea hadi mbele na kurudi huku macho hamsini yakimfuata, halafu katika dakika thelathini zilizobaki anatakiwa asikilize masahihisho. Hawezi. Hajasikia neno hata moja.

Je, wajua kwamba serikali yenyewe iliwahi kukiri madhara ya kupanga watu kwa alama? Mwaka 2014 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Jacob Kaimenyi, alipiga marufuku kuzipanga shule na watahiniwa kwa matokeo ya KCPE na KCSE. Mjadala uliofuata ulikuwa mkali, na mpaka leo kuna wazazi wanaodai orodha. KCPE yenyewe, iliyoanza mwaka 1985, ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Lakini orodha ya ukutani darasani haikusubiri mtihani wa taifa; hiyo iko mikononi mwa mwalimu mmoja na pini nne.

Kuna njia nyingine ya kurudisha kazi. Chukua somo la namba hasi. Nusu ya darasa imeandika kwamba -3 - 5 ni 2. Mwalimu anaiandika hesabu hiyo ubaoni bila jina la mtu, anarudi nyuma hatua moja, anauliza: “Aliyeandika hivi alikuwa akifikiria nini?” Mkono unanyanyuka nyuma kabisa. “Mwalimu, aliona alama mbili za kutoa akasema zinakuwa kujumlisha, ndipo akapata tano toa tatu.” Anapewa chaki, anachora mstari wa namba, anaanza kwenye -3, anahesabu hatua tano kuelekea kushoto, anafika -8. Kosa limekuwa la darasa zima, na aliyelifanya amejifunza bila kuvuliwa nguo mbele ya watu. Baada ya hapo karatasi zinagawiwa zikiwa zimekunjwa, alama ndani.

Je, wajua kwamba kiboko kiliondolewa katika sheria za shule za Kenya mwaka 2001? Wengi wanalijua hilo, hata wale wanaoendelea kukificha nyuma ya kabati. Wachache wanajua kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kinachokataza mateso na adhabu za kudhalilisha ziwe za mwili au za kisaikolojia. Anayekivunja anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Kwa maoni yangu, kumwita mtoto mjinga mbele ya wenzake siku baada ya siku kunaangukia humo moja kwa moja.

Majirani wetu wamelifanyia kazi jambo hili kwa vitendo. Kampala kuna shirika la Raising Voices, lililotunga mwongozo wa kuijenga shule njema. Ulijaribiwa katika shule 42 za msingi wilayani Luwero, na matokeo yalichapishwa mwaka 2015: katika shule zilizoutumia, hatari ya mtoto kupigwa na mfanyakazi wa shule katika wiki iliyopita ilipungua kwa asilimia 42. Tanzania nako, walimu wa sekondari za umma walipewa warsha ya siku chache kuhusu namna ya kuongea na wanafunzi na kuwaadibisha bila ukatili, na utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ukaonyesha ukatili ulipungua. Walimu hawa hawakuongezewa mshahara wala vyumba vya madarasa. Walifundishwa njia nyingine, wakaitumia.

Je, wajua mwalimu akiuliza swali hungoja muda gani kabla ya kumrukia mwingine au kujijibu mwenyewe? Kwa kawaida, sekunde moja hivi. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alilipima jambo hilo kwa kurekodi masomo ya sayansi. Walimu walipojizoeza kungoja sekunde tatu na zaidi, majibu yalirefuka, waliokuwa wakinyamaza walianza kujibu, na wasiojibu kitu wakapungua. Mtoto mwenye wasiwasi huhitaji muda kidogo ili hofu ishuke na kumbukumbu ipande. Sekunde tatu zinamtosha mara nyingi kuliko tunavyodhani.

Je, wajua kwamba kumsalimu mwanafunzi mlangoni kunapimika? Utafiti wa Marekani wa mwaka 2018, katika madarasa kumi, ulikuta kwamba mwalimu akisimama mlangoni na kumkaribisha kila mmoja kwa jina, muda ambao wanafunzi wanazingatia kazi unapanda kwa pointi 20 za asilimia, na fujo zinashuka kwa 9. Hapa kwetu kuna ugumu wake. Tangu elimu ya msingi bila malipo ianze Januari 2003, na idadi ya wanafunzi kupanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2, msongamano umekuwa jambo la kila siku, na mwalimu wa watoto 70 hawezi kumsalimu kila mtu bila kula nusu ya kipindi. Tena sisi tuna salamu yetu: darasa zima linasimama na kuimba kwa sauti moja. Inapendeza, lakini ndani ya sauti hiyo moja mtoto mmoja anaweza kujificha muhula mzima.

Suluhisho la mwalimu wa darasa kubwa ni safu. Jumatatu anapita safu ya dirishani, anataja majina kumi na manne, anauliza jambo dogo kwa kila mmoja: mguu umepona? mama amerudi kutoka ushago? Jumanne safu inayofuata. Kufikia Ijumaa hakuna ambaye hajasikia jina lake likitamkwa kwa wema na mtu mzima. Daftari la mahudhurio nalo ni kifaa cha afya ya akili, ingawa limewekwa kwa ajili ya wizara. Mtoto anayekosa kila Jumatatu anasema kitu. Anayekosa kila siku ya somo fulani anasema zaidi.

Je, wajua kuhusu uonevu? Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, Profesa David Ndetei na wenzake waliwauliza wanafunzi 1,012 wa sekondari 17 za umma jijini Nairobi. Kulingana na aina ya uonevu, kati ya asilimia 63.2 na 81.8 waliripoti kwamba uonevu upo na umewagusa. Mwalimu hawezi kuwa bwenini saa tano usiku, lakini makundi ya kazi darasani ni yake. Akisema “jipangeni wenyewe,” yule anayeonewa anabaki amesimama katikati ya chumba, akiangalia meza zikijaa. Mwalimu akipanga makundi mwenyewe na kuyabadilisha kila wiki mbili, mateso hayo yanaondoka, na mara nyingine urafiki unaota mahali ambapo haukutarajiwa.

Sasa niende kwenye somo ninalolipenda. Je, wajua kwamba kipindi cha Fasihi ya Kiswahili kimekuwa kikibeba mazungumzo haya kwa miaka? Chozi la Heri, riwaya ya Assumpta Matei iliyotahiniwa katika KCSE hadi mwaka 2022, ina daktari aitwaye Ridhaa anayeipoteza familia yake kwa moto wa ghasia za baada ya uchaguzi. Ina Umu na wenzake katika Shule ya Tangamano, wasichana wanaokaa pamoja wakasimuliana yaliyowapata, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akagundua kwamba hayuko peke yake. Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege iliyofuata, inamweka jukwaani Sara akiugua na mumewe Yona akizama katika ulevi, huku mabinti wao wakijaribu kuibeba familia. Mwanafunzi wa Kawangware ambaye baba yake hurudi usiku akiyumba anaisoma sehemu ya Yona kwa sauti, mbele ya darasa, bila kulazimika kusema neno lolote kuhusu nyumbani kwao.

Lakini tunaipotezaje nafasi hiyo! Tunakimbilia “taja mbinu nne za kimtindo katika dondoo hili,” tunasahau kuuliza kwanza: mhusika huyu anahisi nini, na ungekuwa rafiki yake ungemwambia nini? Maswali hayo mawili hayampunguzii mtahiniwa alama. Anayeelewa kwa nini Yona anakunywa ataijibu insha ya maudhui vizuri kuliko aliyekariri orodha. Na kuna mwanafunzi atakayeandika jibu lake kwa urefu usio wa kawaida, ukurasa na nusu pale ambapo wenzake wameandika mistari mitano. Mwalimu mwangalifu huisoma insha hiyo mara mbili, kisha humwita mwenyewe pembeni wakati wa mapumziko, bila haraka.

Je, wajua kuna mchezo wa darasani ambao faida yake ilionekana miaka kumi na zaidi baadaye? Ulijaribiwa kwanza Marekani mwaka 1969. Darasa linagawanywa katika timu, kanuni za tabia njema zinaelezwa, na timu zinazozishika zinapata ushindi mdogo. Watoto wa darasa la kwanza na la pili mjini Baltimore walioucheza katika miaka ya 1980 walifuatiliwa hadi utu uzima wa mapema. Miongoni mwao, hasa wavulana waliokuwa wakorofi zaidi, matumizi mabaya ya dawa za kulevya yalikuwa machache kuliko kwa wenzao. Mwalimu alikuwa akiendelea na somo lake la kusoma na kuhesabu wakati wote huo.

Haraka haraka, mambo ya mwili. Je, wajua kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10? Na kwamba kanuni za elimu za mwaka 2015 zinataka vipindi vya shule za kutwa vianze saa mbili asubuhi? Mtoto anayechukuliwa na basi la shule Karen au Lang'ata saa kumi na moja alfajiri, kisha akapewa kazi ya nyumbani ya masomo matano, hapati saa hizo. Walimu wa darasa moja wakikubaliana kwamba kila usiku ni masomo mawili tu yanayotoa kazi, wamemrudishia kijana usingizi. Na je, wajua kwamba tangu 2023 maelfu ya watoto wa shule za umma Nairobi hula chakula cha mchana kwa shilingi 5 chini ya mpango wa Dishi na County, wakilipia kwa kugusa bangili? Waulize walimu wa vipindi vya alasiri tofauti wanayoiona.

Je, wajua kwamba si kila jambo zuri linaloletwa shuleni huzaa matunda? Hapa inafaa tuwe wakweli. Uingereza walijaribu kufundisha masomo maalumu ya kutuliza akili katika shule 85, kwa zaidi ya wanafunzi 8,000, na matokeo ya 2022 yakaonyesha hayakuwasaidia kuliko mafundisho ya kawaida. Zoezi la kuandika hofu zako kwa dakika kumi kabla ya mtihani lilisifiwa sana mwaka 2011. Liliporudiwa na watafiti wengine mwaka 2018, faida haikuonekana. Na Bihar, India, katika shule 74, mpango uleule wa kuboresha hali ya shule uliwafaa sana wanafunzi ulipoendeshwa na mnasihi wa kawaida aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, lakini haukufua dafu ulipotwikwa walimu.

Matokeo hayo ya Bihar yananifanya niwe mwangalifu kila ninaposikia mwalimu akiongezewa jukumu jipya. Mwalimu wa Nairobi amekwisha kubeba mtaala mpya, tathmini za kupakia kwenye mtandao, na darasa lililofurika. Ukimpa faili lingine lenye kichwa “Afya ya Akili,” litakaa rafuni. Ndiyo maana nasisitiza somo lenyewe: swali linavyoulizwa, kosa linavyopokewa, karatasi inavyorudishwa, kundi linavyopangwa. Hayo hayaongezi kazi, yanabadilisha kazi iliyopo. Kazi ya unasihi ipewe mtu mwenye muda wa kuifanya, na serikali imlipe.

Na je, wajua kwamba uchovu wa mwalimu huandamana na msongo wa wanafunzi wake? Watafiti wa Kanada walipima homoni ya kortisoli katika mate ya watoto 406 asubuhi, katika madarasa 17. Mwaka 2016 walichapisha kwamba watoto wa walimu waliochoka sana na kazi walikuwa na kiwango cha juu zaidi. Utafiti huo hausemi nani alimwambukiza nani. Unatosha kumkumbusha mwalimu mkuu kwamba mwalimu aliyepewa vipindi vinane mfululizo na kufokewa kwenye mkutano wa saa nne hataweza kungoja zile sekunde tatu.

Je, wajua kwamba tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Milimani, chini ya Jaji Lawrence Mugambi, iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakwenda kinyume na Katiba? Kwa miaka mingi sheria hiyo iliwafunga midomo familia na shule pia. Mwalimu aliogopa kuandika, mzazi aliogopa kusema. Sasa sababu hiyo ya kunyamaza imeondolewa.

Je, wajua pia kwamba kumuuliza kijana waziwazi kama amefikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo? Tafiti zilizolichunguza zinakubaliana hapo, na wengi hupata nafuu kwa kuulizwa. Muulize faraghani, kwa sauti ya kawaida. Akisema ndiyo, usimhubirie wala usimwahidi siri. Kaa naye, usimwache peke yake, mwambie mwalimu wa unasihi na mwalimu mkuu siku hiyohiyo, na mzazi au mlezi aitwe, isipokuwa pale ambapo nyumbani ndiko kwenye hatari. Nambari 116 ya Childline Kenya hupigwa bure, na mwalimu mwenyewe anaweza kuipiga akitaka kuelekezwa. Msalaba Mwekundu wa Kenya wanapatikana bure kwa 1199. Ziandike kwenye kona ya ubao mwanzo wa muhula, juu, mahali ambapo kifutio hakifiki.